Viatu vya Wifi

Watu wa Msambweni watakuambia kwamba Fauzia wa mahamri alipunguza mwili kwa ajili ya mlima. Usiwasikilize. Mimi mlima sikuutaka, wala mwili wangu haukuwa umenikosea lolote. Mimi nilikuwa ndoo. Unajua pale bombani, mtu akiwa na shughuli zake huweka ndoo kwenye foleni akaenda, na hakuna anayethubutu kuisogeza? Basi ndoo ile ilikuwa mimi, na mwenye ndoo alikuwa Twaiba, mke wa marehemu kaka yangu.

Kaka yangu Jaafar alikuwa mpishi kisiwani Wasini, akiwapikia watalii kaa na wali wa nazi. Kazi hiyo Twaiba ndiye aliyemtafutia, kwa mjomba wake, na mimi tangu mwanzo sikuipenda. Mtu ana pumu, anakwenda kufanya kazi mahali ambapo hospitali iko ng'ambo ya maji. Asubuhi moja pumzi zilimbana, wakamkimbiza gatini, na boti zote zilikuwa zimetoka na wageni kwenda kuangalia pomboo. Ilipopatikana moja, haraka ilikuwa haina maana tena.

Tukamzika. Twaiba akakaa eda katika nyumba yake hapa Msambweni, ukuta mmoja na yangu, nami nikahamia kwake, kwa kuwa mjane haachwi peke yake na dada wa mume yupo. Lakini tusidanganyane, hatukuwa tukipatana. Yeye aliniita wifi. Mimi nilimwita Twaiba, na siku nyingine sikumwita kabisa.

Sasa siku hiyo ninakanda unga, nikasikia hodi ya kishindo, akaingia msichana wa bara amevaa suruali ya kubana, mkononi ana boksi.

"Sasa mathe, Twaiba yuko?"

Shikamoo hakuna. Nikamjibu "marahaba" ingawa hakuniamkia, ili ajue alichosahau. Akacheka, akaniamkia, na hapo nikamkaribisha mkekani.

Jina lake Rispah, anafundisha mazoezi katika hoteli moja huko Diani. Akaeleza kwamba wanatengeneza matembezi ya hisani, kuvuka milima ya Taita kwa miguu mpaka kilele cha Vuria. Kila mtembeaji ana watu wake waliomwahidi mchango, na mchango wote utanunua boti ya wagonjwa ya Wasini. Boti hiyo itakaa gatini usiku na mchana na haitabeba mtalii hata akilia. Twaiba alikuwa amempigia simu akaandikisha jina, na ndani ya boksi mlikuwa na viatu vyake vya kupandia, zawadi ya wafadhili.

Nikamgeukia Twaiba. Alikuwa ameketi pembeni na nguo zake za eda, hana wanja wala hina.

"Uliniambia lini haya?"

"Ningekuambia ungekubali, wifi?"

Nisingekubali. Nikamwambia Rispah mambo ni mazuri, Twaiba atajiunga nao akitoka eda. Akauliza eda ni nini. Nikamweleza kwamba mjane hatoki nyumbani mpaka muda wake utimie, na muda ule utatimia matembezi yakiwa yamekaribia kabisa. Akajikuna kichwa.

"Pole sana, kweli. Lakini sheria ni sheria, mathe. Mazoezi ni kila Jumamosi. Asiyekuja, nafasi yake anapewa mwingine, na wanaongoja ni wengi."

Twaiba angelia, pengine ningemwacha alie, yaishe. Lakini alinyoosha mkono, akalisukuma lile boksi lirudi kwa Rispah, kwa vidole viwili tu, polepole, kama mtu anayesogeza sahani asiyoitaka. Vidole vile vilinipandisha hasira, sijui nilimkasirikia nani.

"Liache boksi hilo," nikasema. "Nafasi nitaishika mimi mpaka atoke."

"Kuishika vipi?" akauliza Rispah.

"Kwa miguu. Vipi tena?"

Kwetu hilo ni jambo la kawaida. Mtu hushikiwa nafasi bombani, hushikiwa kliniki, hushikiwa hata kiti cha mbele arusini, na mshikaji hasemi ni yake. Rispah hakuwahi kulisikia. Alinitazama kuanzia kilemba mpaka kisigino, akacheka, kisha akakubali, ila nikikosa mara moja tu nafasi imekwenda. Mguu wangu na wa Twaiba ni saizi moja. "Vivae wewe, wifi," akaniambia, "nitavikuta vimelainika."

Jumamosi ya kwanza tulitembea ufukweni maji yakiwa yamekupwa, mpaka Gazi kwenye mikoko na kurudi. Nilivaa buibui langu na viatu vile vikubwa, na vijana wa hoteli wakaona wamepata kichekesho. Mmoja akaniuliza kama nitapanda Vuria na buibui. Nikamwambia Vuria siendi, mimi nimewekwa tu hapa, na yeye aangalie kamba za viatu vyake. Hakuziangalia, akaanguka kwenye tope la mikoko, na hapo heshima ikapatikana.

Nilirudi nyumbani siwezi kukunja goti. Twaiba alikuwa ameniwekea maji ya moto yenye chumvi. Akanikanda miguu, na wakati ananikanda akaniuliza maswali kama hakimu. Tulipita wapi? Mchanga ulikuwa mgumu au laini? Tulipumzika baada ya nini? Nikadhani ni udadisi wa mtu aliyefungiwa. Kesho yake nikatoka kuuza mahamri, nikarudi, nikamkuta uani anazunguka kisima, kiroba cha unga amekifunga mgongoni kwa leso kama mtoto mchanga, jasho linamtiririka.

"Twaiba, wewe uko eda."

"Niko ndani ya ukuta wangu, wifi. Kuna mahali imeandikwa mjane asitoke jasho?"

Nikamkazia fundo la leso, kiroba kisije kikamwanguka.

Basi ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Mimi naleta njia kutoka nje, yeye anaitembea uani. Nikimwambia Rispah ametupandisha ngazi za hoteli, yeye anakipindua kile kinu kikubwa cha mpunga, mdomo chini, na anakipanda na kushuka, kupanda na kushuka, na kiroba mgongoni. Kinu kinagonga sakafu ndu, ndu, ndu, kila alasiri. Wanawake waliokuja kumpa pole walimkuta anahema, wakadhani ni huzuni, wakamsifu.

Lakini tuna jirani anaitwa Jumwa, ambaye masikio yake hayajui likizo. Akanichungulia juu ya ukuta.

"Fauzia, huko kwenu kunatwangwa nini kila siku?"

"Iliki. Ya mahamri."

"Iliki ya kutikisa vyombo vyangu kabatini?"

"Iliki kavu," nikamwambia, nikaingia ndani.

Haikupita wiki, mtaa mzima ukawa unasema kwamba mke wa Jaafar anatwanga mchele wa arusi na eda hata haijesha. Nikawaka. Nikaenda mpaka mlangoni kwa Jumwa, nikashika kiuno, nikamwambia kama anataka kujua basi ajue: hakuna arusi wala mchele, mjane wetu anapanda kinu.

"Anapanda kinu?"

"Anapanda na kushuka. Anajiandaa kwa mlima wa Taita."

"Afadhali ingekuwa arusi," Jumwa akasema. Lakini kesho yake alikuja uani, akaketi, akamtazama Twaiba mpaka akachoka kutazama. Jioni yake alileta kiroba cha pili, akasema kile cha kwanza ni chepesi mno.

Mchanga ulikuwa mzaha tu. Jumamosi moja Rispah alitupeleka Mkongani, kwenye vilima vya upande wa Shimba Hills, kwenye kijia cha shambani kinachopanda kati ya migomba bila huruma. Sikufika mbali. Kifua kikafunga. Nikavuta hewa, haikuja. Nikavuta tena, haikuja. Nikashika mgomba, na hapo ndipo nilipofahamu kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa kwa Jaafar pale gatini, anaivuta na haiji, na macho yake yako baharini anatafuta boti. Nikakaa chini kwenye udongo nikalia kwa sauti, mimi ambaye sikulia hivyo hata siku ya mazishi.

Rispah alidhani nimechoka. "Turudi, mathe?"

"Hapana. Ngoja pumzi zirudi."

Zikarudi. Mimi zilinirudia. Nikasimama nikapanda mpaka juu, na kule juu upepo ulikuwa mwingi, nikaumeza wote. Kuanzia siku hiyo, niseme wazi, mlima niliutaka. Niliutaka kwa ajili ya kaka yangu, na niliutaka kwa ajili yangu mwenyewe, na kila nilipofunga viatu vile nilisahau kidogo kwamba si vyangu.

Jioni ile Twaiba aliniuliza kama kawaida yake. "Pumzi zilikukatia wapi?"

"Kwenye migomba."

"Zikarudi?"

"Zikarudi."

Aliendelea kunikanda mguu, kichwa ameinamisha. "Alhamdulillahi," akasema, na machozi yake yakadondokea kwenye maji ya chumvi. Sikumwambia anyamaze. Kazi ile alimtafutia mumewe ili wapate kula, na mimi nilikuwa nimemfanya muuaji kimoyomoyo muda wote ule. Usiku nilimpikia uji wa pilipili manga, nikamwambia aunywe ungali moto.

Eda ikesha. Wanawake wakakusanyika, dua ikasomwa, Twaiba akaogeshwa. Kwa desturi yetu dada wa mume ndiye anayeleta nguo ya kwanza ya kutokea. Nikaleta leso mpya, jozi, na juu ya leso nikaweka viatu vya mlima, nimevisugua mpaka vimeng'aa. Mabibi wakatazamana. Kisha mmoja wao, ambaye haoni vizuri, akavichukua pamoja na leso akaviweka juu ya chetezo, kwa kuwa cha mtoka eda hufukizwa chote. Viatu vya kupandia Vuria vikafukizwa udi mpaka vikanukia kuliko bwana arusi.

Twaiba akavivaa palepale. Mguu wangu wa kushoto una kinundu pembeni mwa kidole gumba, na ngozi ya kiatu ilikuwa imetuna pale. Akapapasa.

"Hapa pana nini, wifi?"

"Hapo ni mimi," nikamwambia, nikaenda jikoni kwa kuwa moshi wa udi ulikuwa umenichoma macho. Basi, tuseme ulikuwa moshi.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya mwisho, Mkongani tena. Nilikwenda kumsindikiza, miguuni nina ndala. Twaiba alipanda kile kilima kama anafukuzwa. Aliwapita vijana wa hoteli, alimpita Rispah mwenyewe, na mimi nyuma nikajivuna kama kwamba ni mimi ninayepanda. Akafika juu, akageuka ili ashuke. Akasimama.

Akaendelea kusimama.

Nilipomfikia alikuwa amefumba macho, mguu hauendi. Hapo nikaelewa tulichokosea. Kinu alikuwa anakipanda kwa mbele na kukishuka kwa nyuma, kwa kuwa kinu hakishukwi vinginevyo, na uani kwetu hakuna mteremko hata wa kumwaga maji. Miezi yote ile hakuwahi kushuka huku anatazama chini. Sasa akitazama chini anaona dunia imekwisha.

"Siwezi, wifi."

"Basi shuka unavyojua."

Akageuka, akaupa mteremko mgongo. Nikamshika mikono yote miwili, uso kwa uso, mimi natazama njia juu ya bega lake. Nikawa namwambia: kuna jiwe kushoto, kuna mzizi, sasa weka mguu. Tukashuka kilima kizima hivyo, mjane mbele kinyumenyume, wifi nyuma na ndala, na wenye mashamba wakaacha majembe kututazama.

Rispah alikuwa akitungoja chini, amekunja mikono. Hakuwa na furaha ya kusema aliyoyasema.

"Mathe, siwezi kumpeleka mtu Taita atembee hivyo. Ataumia, na wa nyuma yake ataumia. Hii nafasi chukua wewe. Wewe ndiye umekuja kila Jumamosi."

Twaiba aliketi kwenye jiwe akaanza kufungua kamba za viatu, kwa vidole viwili, polepole. Nilivijua vidole vile.

Nafasi ilikuwa mkononi mwangu, tena nimepewa, sikuiba. Na wallahi niliitaka. Nilitazama kile kiatu cha kushoto chenye kinundu changu, nikauona mlima, nikajiona juu yake. Kisha nikamtazama yule aliyekuwa anafungua kamba, nikaona huyu alizunguka kisima miezi yote hiyo na unga mgongoni kwa ajili ya ndugu yangu.

"Funga," nikamwambia.

"Wifi, vichukue, umevifanyia kazi."

"Nimesema funga. Mimi nilikuwa nimewekwa. Mwenyewe amekuja." Nikamgeukia Rispah kabla sijabadili mawazo. "Njoo Ijumaa umtazame. Asiposhuka kama watu, uamue utakavyo."

Hapa Msambweni kuna ngazi za mawe zinazoteremka kutoka juu ya mwamba mpaka ufukweni, zimechongoka, hazina pa kushika. Wiki ile tulihamia pale. Safari hii mimi ndiye niliyetangulia kinyumenyume, na yeye akanifuata kwa mbele.

"Usitazame chini. Nitazame mimi."

"Nikutazame nini?"

"Hesabu makunyanzi."

Akacheka, na katika kucheka akashuka ngazi moja. Akashuka na ya pili. Ijumaa Rispah alipokuja, Twaiba alishuka zote mpaka mchangani bila kutetemeka. Rispah akasema poa, ataondoka nao. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo sikulisema: kwamba hakuwa amejifunza kutazama mteremko, alikuwa amejifunza kunitazama mimi. Nilijiambia atazoea. Wakaondoka, nami nikarudi kwenye karai langu, na nilikuwa na kinyongo siku nzima, wateja wanajua.

Asubuhi ya mwisho ya matembezi yao nilikuwa nimetia mahamri kwenye mafuta, foleni imenisimamia na bakuli zao za mbaazi. Simu ikalia, ile ya picha. Nikaisimamisha kwenye kopo la sukari. Kwanza niliona anga tu, na minara ya simu, kisha uso wa Twaiba, leso imempeperuka.

"Nimefika, wifi. Niko juu Vuria."

Nikapiga vigelegele mpaka Jumwa akatoka mbio na mswaki mdomoni. Lakini Twaiba hakuwa akicheka.

"Wenzangu wameanza kushuka. Mimi siwezi. Hupo."

Nyuma yake nikamsikia Rispah akimbembeleza. Nikamwita Rispah nikamwambia aichukue simu, aende mbele ya Twaiba, aiinue juu usawa wa macho, na atembee kinyumenyume. Akasema, "Mimi?" Nikamwambia ndiyo, wewe, na amwombe mmoja wa vijana wake amshike kiuno kwa nyuma. Sheria ni sheria.

Basi ndivyo walivyoteremka. Rispah alirudi nyuma hatua kwa hatua, mikono ameinua kama anaonyesha picha ya bi arusi, na mimi Msambweni nimeganda mbele ya kopo la sukari, sithubutu kugeuza hata shingo. "Nitazame mimi. Mguu wa kulia. Vizuri. Hesabu makunyanzi. Umefika mangapi?" Foleni yote ikawa nyuma yangu, na kila mtu ana la kumwambia. Jumwa akampa pole ya safari, mzee wa samaki akamwambia asilegeze kifundo. Twaiba uso umekakamaa, jasho, macho kwangu tu. Nikaongea na kuongea mpaka koo likakauka.

Kisha nikaona macho yake yamehama. Yananipita begani.

"Wifi, mahamri yako yanaungua."

"Yaache yaungue, nitazame mimi."

"Hapana, geuka, naona moshi." Na alikuwa anacheka.

Nikageuka. Karai lilikuwa jeusi kama makaa. Nilipoirudia simu, Rispah hakuwa tena mbele yake. Simu alikuwa ameishika Twaiba mwenyewe, anatembea, mteremko ule ameuacha nyuma. Akaielekeza chini nione miguu yake, viatu vimejaa vumbi jekundu la Taita, na pembeni mwa kile cha kushoto ngozi imetuna.

"Unakiona kinundu chako?" akasema. "Kimefika kileleni."

Nikafuta uso kwa mkono wenye unga.

"Rudi salama, wifi yangu," nikamwambia.

Nadhani na yeye alilisikia neno hilo, kwamba ni mara ya kwanza. Nikakata simu kabla hatujaanza kulia wote wawili mbele ya wateja, nikaopoa yale mahamri yaliyoungua nikayapanga kwenye sinia. Jumwa akachukua moja, akaligeuza, akalichovya kwenye mbaazi akala, na wengine wote wakanyoosha bakuli zao.